Mtoto Afuate Nini? Elimu ya Nyumbani kwa Familia Zetu za Louisville, Columbus na Buffalo

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa jumuiya katika ukumbi wa maktaba ya umma, Columbus, Ohio

Waliotoka Louisville wamekula barabara zaidi ya saa tatu, waliotoka Buffalo karibu saa tano, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo baadhi ya familia zetu zimeanza kulifanya, na nyingine zinalitazama kwa jicho la wasiwasi: kumsomesha mtoto nyumbani bila vipindi vya kengele, kwa kufuata anayoyauliza yeye na yale ambayo siku yenyewe inayaleta. Sikuja kumshawishi mtu amtoe mtoto wake shuleni. Wengi humu ndani watawaacha watoto shuleni, na wana sababu nzuri. Nimekuja na swali moja: tukisema mtoto aongoze, atafuata nini? Nitalijibu kwa hoja nne, na msishangae zikipishana urefu.

Hoja ya kwanza: jambo lenyewe lilikotoka

Hapa Marekani jina linalotajwa zaidi ni la John Holt, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 1985. Kitabu chake How Children Fail, cha mwaka 1964, kilitokana na yale aliyoyaona darasani: watoto werevu wanaotumia akili yao yote kubahatisha jibu analolitaka mwalimu, huku somo lenyewe likiwapita. Mwanzoni Holt alitaka kuzirekebisha shule. Baadaye alikata tamaa nazo, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la Growing Without Schooling, lililoendelea hata baada ya kifo chake, hadi mwaka 2001. Rai yake kwa ufupi ni kwamba mtoto huzaliwa akiwa na hamu ya kujua. Awekwe karibu na vitu halisi na kazi halisi, asaidiwe anapoomba msaada, na mengine asisukumwe.

Kwa miaka mingi hilo lilionekana kuwa jambo la Wazungu wachache wenye nafasi. Korona ilibadilisha picha. Ofisi ya Sensa ya Marekani iliuliza familia wakati wa janga: masika ya mwaka 2020, asilimia 5.4 ya kaya zenye watoto wa umri wa shule zilikuwa zikisomesha nyumbani. Kufikia vuli ya mwaka huohuo zikawa asilimia 11.1. Kwa kaya za watu weusi ongezeko lilikuwa kubwa kuliko kwa kundi lolote, kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Na sensa ilisisitiza kuwa inauliza kuhusu kusomesha nyumbani kwenyewe, wala si mtoto aliyekaa mbele ya kompyuta akimsikiliza mwalimu wa shule ileile. Wengine walirudi shuleni baadaye. Wengine hawakurudi.

Hoja ya pili: sisi tuliwahi kuishi hivi

Ninawaona wazee wanatabasamu, maana haya ya Holt si mapya kwao. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alitenga sura nzima kueleza jinsi mtoto wa Kikuyu alivyosomeshwa na nyimbo, michezo, shamba na mifugo kabla hajaona ubao. Miaka miwili baadaye Otto Raum alichapisha Chaga Childhood, kitabu kinachowafuata watoto wa Kilimanjaro katika michezo yao na katika kazi za nyumbani.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa kando yake. Mtoto wa Uvira, Kalemie au Kigoma anajua hesabu za mwezi hata kama hajui kusoma. Wavuvi wa ndagala huwavuta samaki kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti tena, mitumbwi hupumzika, na siku hizo nyavu hushonwa. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba mwezi unapunguza fedha nyumbani. Anajua bei ya ndagala wabichi na ya waliokaushwa, na kwa nini zinatofautiana. Anajua nani ana deni na nani hukopeshwa. Hakuna aliyemwita akamwambia leo tutajifunza uchumi.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Kuna tabia, hasa tukiwa mbali na nyumbani, ya kuyapaka sukari maisha ya zamani. Mtoto yule hakuchagua kila kitu. Alipotumwa maji alikwenda. Wasichana walitumwa kuliko wavulana. Na yule aliyetaka kuwa daktari, ufuo wa ziwa haukumfikisha. Kwa hiyo sisemi turudi kule. Nasema tuangalie kilichokuwa kikifundisha, nacho ni kwamba maisha ya watu wazima yalikuwa wazi mbele ya mtoto. Kazi ilikuwa nje, bei ilitajwa kwa sauti, ugomvi ulisuluhishwa barazani. Mtoto aliweza kuongoza miguu yake mwenyewe kwa sababu kila alikokwenda palikuwa na kitu cha maana kinachofanyika.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Elimu ya Kujitegemea, andiko lake la Machi 1967, linalalamika kwamba shule ya kikoloni ilimtoa mtoto katika jamii yake na kumfanya awadharau wazazi wake kwamba hawajui kitu. Tiba aliyoipendekeza ilikuwa shule kuwa na shamba na karakana. Wengi tuliosoma enzi hizo tunakumbuka jembe kuliko nadharia! Tiba ilikuwa na kasoro zake, ila ugonjwa aliutambua sawasawa.

Hoja ya tatu: kazi zetu huku hazionekani

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Baba anaishi Louisville. Saa nne usiku anavaa viatu vya kazi, anakwenda Worldport, kituo kikuu cha UPS kwenye uwanja wa ndege, ambako usiku wa manane ndege hushuka moja baada ya nyingine na vifurushi hupita kwenye mikanda, zaidi ya laki nne kwa saa moja kazi inapopamba moto. Ni moja ya kazi kubwa za usafirishaji duniani. Humo mna hesabu, jiografia, mashine na mpangilio wa ajabu. Mwanawe anajua nini kuhusu kazi hiyo? Anajua kwamba baba hulala mchana, na kwamba akilala watu wasipige kelele. Mama anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama au kwenye ghala la Columbus, nyuma ya uzio, anaingia kwa kadi. Fedha inaingia benki bila kuonekana, inatoka bila kuonekana. Chakula kinatoka kwenye friji.

Sasa mwambie mtoto huyu aongoze. Ataongoza kwenda kwenye simu, kwa sababu ndani ya fleti ile simu ndiyo kitu pekee kinachofanya jambo. Tunawalaumu watoto kwa tableti, lakini mtoto anafuata kinachosogea. Mzazi anayetaka elimu ya namna hii, awe amemtoa mtoto shuleni au anampokea kutoka kwenye basi saa tisa alasiri, kazi yake ya kwanza ni kuyafungua maisha yake yaonekane. Na hilo linawezekana kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jambo dogo kabisa: simu ya bibi. Mtoto wa miaka tisa yuko Buffalo, bibi yake yuko Kigoma. Kiangazi chote wamempigia saa nane mchana, kwa bibi ikiwa saa tatu usiku. Inafika Novemba, wanapiga saa nane ileile, bibi keshalala. Huko ni saa nne. Mtoto anauliza: bibi amebadilisha saa? Jibu ni kwamba sisi ndio tumebadilisha. Marekani husogeza saa mwezi Machi na kuirudisha Novemba, Tanzania haigusi. Wazazi wengi tungeishia hapo. Lakini mtoto akiachiwa uzi ataendelea kuuvuta: kwa nini wao hawabadilishi? Kwa sababu Kigoma iko karibu na Ikweta, na mchana wa huko ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza, na ikifika saa kumi na mbili jioni jua linazama. Imepangwa na jua lenyewe. Ijaribuni saa hiyo Buffalo. Mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa mbili kasorobo, na mchana wote hauzidi saa tisa na dakika chache. Mwezi Juni linazama karibu saa tatu usiku! Mtoto anaweza kulipima hilo mwenyewe, kwa kuandika kila Ijumaa saa ya machweo kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Kufikia Pasaka ana grafu. Kufikia kiangazi anauliza kuhusu mhimili wa dunia, na hapo mzazi asiyejua jibu anampeleka maktaba. (Nimeona mwalimu mmoja wa jiografia pale nyuma anaandika. Chukua, mwalimu, ni yako.)

Angalieni kilichotokea. Mtoto ndiye aliyeongoza, lakini kama bibi angekuwa hapigiwi simu mbele yake, hakungekuwa na swali.

Mfano wa pili ni ardhi. Louisville kuna Common Earth Gardens, mradi wa Catholic Charities unaowapatia wakimbizi na wahamiaji vipande vya shamba ndani ya mji. Nendeni mwezi Julai muone lengalenga na nyanya chungu zimesimama kama ziko Fizi, Kongo. Buffalo, shirika la Journey's End nalo limekuwa na shamba la mjini, Green Shoots. Na hapa Columbus kuna ndugu zetu Wazigua waliokuja kutoka Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanganyika karne ya 19 wakaishia bonde la Juba. Wanajua kilimo cha mtoni kuliko yeyote kati yetu. Mtoto akiwa shambani na mtu anayeijua kazi, msimamizie usalama wake kisha umwachie swali lake. Mmoja atauliza kuhusu wadudu. Mwingine atataka kujua fungu linauzwa kiasi gani sokoni Jumamosi. Huyo wa pili msimlazimishe kupenda wadudu.

Tatu, biashara. West Side Bazaar ya Buffalo, iliyoanzia Grant Street na sasa iko Niagara Street, ni soko la wajasiriamali wahamiaji: wapishi, washonaji, wauza vikuku. Pale mtoto anaweza kumwona mama akipanga bei, akimkosea mteja, akiomba radhi, akihesabu faida. Asiye na soko ana jiko. Anayetengeneza mandazi ya kuuza kanisani au msikitini amwachie mtoto daftari la unga, mafuta na sukari, amwulize mwisho wa mwezi kama tumepata au tumepoteza. Swali hilo liwe la kweli. Watoto wanajua mara moja mtu mzima anapouliza kitu ambacho jibu lake analo tayari.

Nne ni makaratasi, na hapa naweka mpaka. Bili ya umeme, barua ya mwenye nyumba, ratiba ya basi: msome pamoja, ni elimu safi. Lakini hospitali hapana. Watoto wetu wamegeuzwa wakalimani wa mambo mazito kuliko umri wao. Kanuni za serikali kuu zinaizuia hospitali inayopokea fedha zake kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Mkalimani ni haki yenu na hamlipi. Mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kuusikia ugonjwa wa mama yake.

Hoja ya nne: sheria

Majimbo matatu yana sheria tatu, na anayefuata ushauri wa binamu aliye jimbo lingine atajiingiza matatani.

Kentucky inaihesabu nyumba yako kama shule binafsi. Mwaka 1979, katika kesi ya Rudasill, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kuzipangia shule binafsi walimu wala vitabu, kwa kuwa katiba ya Kentucky inamlinda mzazi ambaye dhamiri yake inakataa kumpeleka mtoto katika shule fulani. Kwa hiyo unamwandikia msimamizi wa elimu wa wilaya barua ndani ya siku 10 tangu mwaka wa masomo kuanza, unaweka kumbukumbu za mahudhurio na maendeleo, na unafikisha saa 1,062 katika siku zisizopungua 170. Hakuna mtihani wa serikali. Masomo yawe kwa Kiingereza; nyumbani zungumzeni mtakacho, na naomba kiwe Kiswahili.

Ohio ilikuwa na masharti zaidi hadi Oktoba 2023, sheria ilipobadilika. Sasa unamtaarifu msimamizi kila mwaka kufikia tarehe 30 Agosti, au ndani ya siku 5 ukianza katikati ya mwaka, na unaahidi kufundisha Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, mambo ya serikali na maarifa ya jamii. Idadi ya saa na tathmini ya kila mwaka zimeondolewa.

New York ndiko kwenye kazi. Taarifa kufikia tarehe 1 Julai, mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti nne kwa mwaka, na tathmini mwishoni. Darasa la 1 hadi la 6 ni saa 900 kwa mwaka, la 7 hadi la 12 ni saa 990. Wazazi wa Buffalo wakisikia haya hudhani elimu ya kufuata mtoto haiwezekani kwao. Inawezekana, ila sharti uandike. Wale wanaoifanya vizuri huishi kwanza, kisha jioni wanaandika: simu ya bibi na ile karatasi ya machweo inaingia kwenye jiografia, sayansi na hesabu. Usomeni mwongozo wenyewe, mtashangaa. Usalama wa barabarani na wa baiskeli umo ndani yake kama somo, na elimu ya lugha mbili imo pale inapohitajika.

Sasa tahadhari, ambazo sizihesabu kama hoja.

Mzazi aliye peke yake, mwenye zamu ya usiku na watoto wanne, asijibebeshe mzigo huu kwa sababu mimi nimesema. Shule inamlisha mtoto chakula cha mchana, na kwa mtoto mwenye tatizo la kusema au kujifunza ina wataalamu ambao nyumbani watagharimu fedha. Mtoto aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mapengo ya miaka miwili mitatu anahitaji mtu wa kumkazania, si uhuru mtupu. Kusoma nako mimi sikuachii bahati. Wafuasi wengi wa Holt watasema subiri mpaka mtoto atake, hata akifika miaka 9 au 10. Sikubaliani nao. Tuna njia fupi mkononi: Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto anayeanzia humo hujua mapema kwamba herufi zinasema kitu. Akifika kwenye Kiingereza na vituko vya tahajia yake, haogopi.

Na mtoto anayesomea nyumbani lazima aonekane na watu wazima wengine nje ya nyumba yake, kila wiki. Mzazi asiyetaka mtoto wake aonekane na mtu, sisi kama jumuiya tumwulize kwa nini.

Nimalizie kwa kazi iliyo mbele. Mwezi Julai na Agosti tarehe za barua zitapita, na watakaoamua kusomesha nyumbani wataamua wakati huo. Lakini iwe shule iwe nyumbani, watoto wetu wanahitaji kazi za watu wazima wanazoweza kuziona, na hakuna familia moja inayoweza kuwaonyesha zote. Nimeacha madaftari matatu mlangoni, moja kwa kila mji. Anayeshona, anayetengeneza magari, anayesuka nywele, fundi umeme, anayejua kuchinja, anayetunza vitabu vya hesabu, anayeoka keki za harusi: andika jina lako, kazi yako, siku na saa mbili unazoweza kumpokea mtoto akiwa na mzazi au mlezi wake. Wale wa zamu za usiku msijitoe. Anayejua kueleza jinsi kifurushi kinavyotoka Louisville usiku na kufika Mombasa, tunamhitaji sana. Safu ya mwisho ya kila ukurasa msiiandike kitu. Watoto wenyewe watajaza humo wanataka kwenda kwa nani.